Kipangasinan, Kiilokano au Kitagalog? Ulinganisho kwa anayekwenda Pangasinan

Mkoa wa Pangasinan uko kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, ukizunguka ghuba ya Lingayen. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 3.1. Mswahili anayejiandaa kwenda huko, awe ameposa, anakwenda kusomea uuguzi Dagupan au ametumwa na kanisa lake, hukumbana na swali ambalo vitabu vya utalii hulipita: ajifunze lugha gani?

Kitagalog atakisikia kila kona. Kiilokano ndicho lugha ya nyumbani kwa sehemu kubwa ya mkoa. Kipangasinan ndicho kilichobeba jina la mkoa wenyewe, na ndicho wageni wengi hukiruka. Kuna atakayekwambia Kiingereza kinatosha. Ofisini, darasani na hospitalini ni kweli, kwa kuwa ni lugha rasmi ya nchi. Lakini mtu hahamii ofisini. Kuna nyumba ya kupanga, kuna soko la samaki, kuna wakwe, na huko Kiingereza huishia kwenye salamu.

Vigezo

Nimezipima lugha hizi tatu kwa mambo matano. La kwanza ni mahali: zinazungumzwa mji upi na nani. Mkoa huu umegawanyika kilugha, na ukikosea hapa mengine yote hayakusaidii. La pili ni asili na historia. La tatu ni sarufi na matamshi, nikimfikiria mtu ambaye ulimi wake umelelewa na Kiswahili. La nne ni vifaa vya kujifunzia. La tano ni nani anafaidika nayo zaidi, akiwa mkoani na hata akishatoka.

Zinapofanana

Zote tatu ni za familia ya Kiaustronesia, iliyotandaa kutoka Taiwan hadi visiwa vya Pasifiki na, upande wetu, hadi Madagaska. Anayesikia Kimalagasi Mayotte au Komoro atazitambua baadhi ya namba: *fito* na *valo* za Kimalagasi ni *pito* na *walo* za huku.

Zote huanza sentensi kwa kitenzi. Zote hujenga maneno kwa kubandika viambishi kwenye mzizi, mbele, nyuma na hata katikati, jambo ambalo halimshangazi mtu aliyezoea *nilimpigia* na *walipendana*. Zote zina “sisi” ya namna mbili: moja inamjumuisha unayezungumza naye, nyingine inamwacha nje. Katika Kipangasinan ni *sikatayo* na *sikami*, Kiilokano *datayo* na *dakami*, Kitagalog *tayo* na *kami*. Hili usilichukulie kijuujuu. Ukisikia watu wanapanga kwenda kula, kiwakilishi kimoja ndicho kinachokujulisha kama umealikwa.

Na tuna bahati moja. Sauti ya *ng'* iliyo katika *ng'ombe*, inayowasumbua sana Wazungu mwanzoni mwa neno, kwetu ni ya kila siku. *Ngaran*, yaani jina kwa Kipangasinan, na *ngayon*, yaani sasa kwa Kitagalog, utayatamka sawasawa tangu siku ya kwanza.

| | Kipangasinan | Kiilokano | Kitagalog |
|---|---|---|---|
| moja | sakey, isa | maysa | isa |
| mbili | dua | dua | dalawa |
| tatu | talo | tallo | tatlo |
| nne | apat | uppat | apat |
| tano | lima | lima | lima |
| saba | pito | pito | pito |
| ndiyo | on | wen | oo |
| hapana | andi | saan | hindi |
| salamu ya asubuhi | masantos ya kabuasan | naimbag a bigat | magandang umaga |
| maji | danum | danum | tubig |
| siku | agew | aldaw | araw |
| nyumba | abong | balay | bahay |
| mji | baley | ili | bayan |

Jedwali lisikudanganye ukadhani ni lahaja za lugha moja. Anayejua Kitagalog tu akiketi kati ya wazee wa San Carlos ataokota namba na maneno ya Kihispania, mengine yatampita. Tena mfanano wenyewe una mitego: *balay* ya Mwilokano ni nyumba, *baley* ya Mpangasinan ni mji.

## Kipangasinan

Mahali. Kinazungumzwa katikati ya mkoa na kando ya ghuba: Lingayen, ambao ndio makao makuu, Binmaley, Dagupan, Calasiao, San Carlos, Malasiqui, Mangaldan, Manaoag na Bayambang. Kinavuka mpaka pia kuingia kaskazini mwa mkoa wa Tarlac. Wanaokizungumza kama lugha ya kwanza ni zaidi ya milioni moja, na kwa kawaida kinahesabiwa miongoni mwa lugha nane kubwa za Ufilipino.

Asili na historia. Ndugu zake wa karibu si Kitagalog wala Kiilokano. Ni Kiibaloi cha milima ya Benguet kuzunguka Baguio, Kikarao, Kikalanguya na Kiilongot, tawi ambalo wanaisimu huliita Kordilera ya Kusini. Fikiria hali hiyo: ndugu wote wako milimani, na mmoja peke yake ameshuka pwani akawa lugha ya wavuvi na wapika chumvi. Jina la mkoa limetokana na *asin*, chumvi, maana hapo ndipo ilipotengenezwa tangu kabla ya Wahispania.

Mhispania Juan de Salcedo alifika mwaka 1572. Miaka miwili baadaye Limahong, haramia wa Kichina aliyeshindwa kuiteka Manila, alijenga ngome yake karibu na Lingayen, akazingirwa, akaponyoka 1575. Mkoa uliundwa 1580. Utii haukuja kirahisi: mwaka 1660 Andres Malong aliongoza uasi kutoka Binalatongan, mji ambao leo ni San Carlos, na mji huohuo ukamtoa Juan de la Cruz Palaris, aliyeongoza uasi wa 1762 hadi 1765 wakati Waingereza wameikalia Manila. Nayataja haya kwa sababu watu wa pale wanayakumbuka, na mgeni anayejua jina la Palaris hupokewa kama mtu aliyejitahidi.

Kuna na uzi unaotugusa sisi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia pia nchi iitwayo Tawalisi na binti mfalme wake Urduja, mpanda farasi na mpiganaji. Wanahistoria wanabishana hadi leo Tawalisi ilikuwa wapi. Wapangasinan wanamhesabu Urduja kuwa wao, na makazi ya gavana huko Lingayen yanaitwa kwa jina lake.

Kimaandishi, lugha ilitumiwa na wamisionari Wadominiko kuhubiria. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilichanua kwa magazeti, mashairi yaitwayo *anlong* na michezo ya jukwaani yenye nyimbo, ambayo Catalino Palisoc wa Lingayen alianza kuiandika kwa Kipangasinan mwaka 1901. Kisha shule za Wamarekani zikaleta Kiingereza, na baadaye Kitagalog kikashuka kutoka Manila. Mwaka 2012 Kipangasinan kilikuwa miongoni mwa lugha 12 za mwanzo kutumika kufundishia madarasa ya chini. Oktoba 2024 sheria namba 12027 ikaondoa ulazima huo, na lugha za mikoa zikarudi kuwa za kusaidizia tu. Mimi hili linaniuma. Mtoto wa Dagupan leo anaweza kukua akiwaelewa babu na bibi zake lakini akiwajibu kwa Kitagalog, na sisi tunaotoka kwenye miji ambako Kiswahili kimekalia nafasi ya lugha za wazee tunajua kinachofuata.

Sarufi na matamshi. Ugumu mkubwa ni irabu *e*. Katika maneno ya asili si *e* yetu. Ulimi unapanda kana kwamba unasema *i* lakini unarudi nyuma kidogo, na midomo haiviringwi. Sikiliza watu wakisema *agew* kabla ya kujaribu. Ugumu wa pili ni mkazo. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kuuliza. Huku unahama, na ukihama maana inaweza kubadilika.

Wingi ndio unaopendeza. Badala ya kuongeza neno la pembeni, maneno mengi yanayotaja watu hurudia kipande cha mwanzo: *too* ni mtu, *totoo* ni watu, *ogaw* ni mtoto, *ogogaw* ni watoto. Mtu aliyezoea kusikiliza mwanzo wa neno ili ajue kama ni *mtoto* au *watoto* ameshafundishwa nusu ya somo. Wakati uliopita nao huonekana mbele: *mansalita*, kusema, hugeuka *nansalita*.

Vifaa. Hapa ndipo pa kuvumilia. Msingi bado ni kazi ya mwanaisimu Richard Benton, ambaye mwaka 1971 alichapisha kupitia University of Hawaii Press sarufi, kamusi na kitabu cha masomo ya mazungumzo. Ni vya zamani lakini ni imara. Ipo Wikipedia ya Kipangasinan, na tangu 2024 Google Translate inaitambua lugha hii, ingawa usiikabidhi barua ya posa. Zaidi ya hapo, mwalimu wako ni watu. Tahadhari moja: usiiite *Panggalatok*. Jina hilo bado linasikika, lakini wenyewe wanaliona la dharau. Sema Pangasinan.

Kinamfaa nani. Anayeolewa au kuoa katika mji wa katikati, anayefanya kazi ya afya, kanisa au kilimo vijijini, na anayepanga kukaa miaka. Anayepita kwa mwezi mmoja atachoka kabla hakijamlipa. Nje ya mkoa na jamaa zake walio ughaibuni, matumizi yake ni madogo.

## Kiilokano

Mahali. Ndani ya Pangasinan, ndicho kinachotawala mashariki, kwenye miji kama Tayug, Rosales, Umingan, San Nicolas na Binalonan, na sehemu kubwa ya magharibi: Bani, Agno, Burgos, Dasol. Urdaneta na Alaminos ni mchanganyiko wa Kiilokano na Kipangasinan. Nje ya mkoa kinaenea kaskazini yote ya Luzon, ambako makabila tofauti yanakitumia kuelewana. Ni lugha ya tatu kwa ukubwa Ufilipino, ikiwa na wazungumzaji wa kwanza wapatao milioni nane.

Asili na historia. Kwao ni ukanda mwembamba wa pwani ya Ilocos, ulioshikana kati ya bahari na milima. Ardhi ilikuwa finyu, watu wakahama. Katika karne za 18 na 19 familia nzima nzima zilishuka kusini kufyeka misitu ya mashariki mwa Pangasinan, na reli ya Manila hadi Dagupan, iliyokamilika 1892, ikarahisisha safari. Mwandishi F. Sionil José, aliyezaliwa Rosales mwaka 1924, alikuwa mzawa wa jamii hiyo: mtu wa mkoa wa Pangasinan, Mwilokano wa ukoo. Tangu 1906 wengine walivuka bahari kwenda mashamba ya miwa ya Hawaii, na ndiyo maana lugha hii imeota mizizi mikubwa visiwani humo.

Sarufi na matamshi. Kwa Mswahili naiona nyepesi kidogo kuliko Kipangasinan. Lahaja ya kaskazini hutamka *e* karibu na yetu. Ya kusini, inayosikika Pangasinan, ina ile irabu ngumu niliyoieleza. Unaweza kuanza na ya kaskazini na wote wakakuelewa. Cha kuangalia ni konsonanti zinazobanwa mara mbili, kama *tallo* na *uppat*. Aliyesoma Kurani kwa tajwidi ana sikio la shadda tayari. *Agsao*, kusema, hugeuka *nagsao* wakati uliopita, mtindo uleule wa Kipangasinan. Kwa heshima, kaka mkubwa ni *manong* na dada mkubwa ni *manang*, na utayatumia hata kwa muuza mboga.

Vifaa. Vizuri. Jarida la *Bannawag* limekuwa likitoka tangu 1934. University of Hawaii at Mānoa inakifundisha hadi ngazi ya shahada. Google Translate ilikiongeza 2022. Mkoa jirani wa La Union ulikitangaza lugha rasmi mwaka 2012, kwa hiyo kina hadhi ya kiserikali ambayo lugha chache za mikoa zinayo.

Kinamfaa nani. Anayekwenda mashariki au magharibi mwa mkoa, anayefanya kazi itakayomzungusha kaskazini ya Luzon, na Mswahili anayeishi Hawaii au California ambaye majirani au wagonjwa wake ni Wafilipino wa kizazi cha zamani.

## Kitagalog

Mahali. Kila mahali, ingawa katika Pangasinan si lugha ya asili ya mji wowote mkubwa. Ni lugha ya televisheni, ya basi la Manila, ya vijana kwenye simu, na ya kumjibia mgeni.

Asili na historia. Ni lugha ya Manila na mikoa inayoizunguka. Mwaka 1937 Rais Manuel Quezon aliitangaza kuwa msingi wa lugha ya taifa, na katiba ya 1987 ikaiita lugha hiyo Kifilipino, rasmi pamoja na Kiingereza. Ukitaka kuelewa nafasi yake Pangasinan, mfikirie mgeni anayekwenda Kwale: Kiswahili kinamtosha dukani na kituo cha polisi, ila mazungumzo ya jikoni yanaendeshwa Kidigo. Katika miji ya katikati ya mkoa watu watakuhudumia vizuri kabisa kwa Kitagalog, kisha watageukiana wajadili jambo lenyewe kwa lugha yao.

Sarufi na matamshi. Irabu ni tano kama zetu, hazina mtego. Mkazo unahama: *baka* ukiikaza mwanzoni ni ng'ombe, ukiikaza mwishoni ni “huenda”. Tahajia ina vifupisho viwili vya kukariri mapema: *ng* ikisimama peke yake husomwa *nang*, na *mga*, alama ya wingi, husomwa *manga*. Mfumo wa vitenzi ni mpana na utakuchosha, lakini ukiushika umeshajenga njia ya kuingilia zile lugha nyingine mbili. Ukizungumza na mkubwa, weka *po* ndani ya sentensi. Ukiisahau, utaonekana huna adabu hata kama sarufi yako ni safi.

Vifaa. Tele. Programu za simu, video, filamu, tamthilia, walimu wa mtandaoni, kamusi za kila aina. Hakuna ulinganisho hapa.

Kinamfaa nani. Anayeanza bila kujua mji atakaokaa, mwanafunzi atakayekuwa na wenzake kutoka visiwa vyote, na Mkenya au Mtanzania anayefanya kazi Dubai, Doha au Riyadh na Wafilipino. Huko Ghuba, Mpangasinan na Mbisaya, yaani mtu wa visiwa vya Visayas, wakikutana kazini huzungumza Kitagalog.

## Uamue vipi kulingana na hali yako

Umeposa au umeposwa. Usimuulize mchumba wako anazungumza nini. Atakwambia Kitagalog na Kiingereza. Uliza bibi yake anazungumza nini akiwa na shoga zake. Jibu hilo ndilo lugha yako. Kama ni Lingayen au Malasiqui, karibu hakika ni Kipangasinan. Kama ni Tayug, Kiilokano. Anza hata na maneno hamsini kabla ya kusafiri, hasa salamu, vyakula na majina ya jamaa.

Unakwenda kusoma Dagupan. Masomo yatakuwa kwa Kiingereza. Jifunze Kitagalog kwanza kwa ajili ya wenzako na nauli. Ukianza mazoezi wodini au vijijini, ongeza Kipangasinan cha kazi: unaumwa wapi, tangu lini, umekula, umelala. Mgonjwa mzee mwenye maumivu hurudi kwenye lugha ya mama yake, na hapo Kitagalog chako kinaweza kukosa kazi.

Unakwenda miaka miwili au zaidi, lakini hujui mji. Kitagalog hadi upangiwe. Ukishajua mji, badili mara moja na usisubiri kukimaliza Kitagalog kwanza. Wengi husema “nikishakijua hiki nitaanza kile”, na kile hakianzi.

Uko Ghuba na huna mpango wa kwenda Ufilipino. Kitagalog. Lakini mwenzako akikwambia anatoka San Carlos au Calasiao, msalimie *masantos ya kabuasan*. Haikugharimu kitu, na ni salamu ambayo huenda hajaisikia kutoka kwa mgeni hata mara moja.

Wewe ni msomi au mpenzi wa lugha. Kipangasinan kina kazi nyingi zaidi ambazo hazijafanywa: rekodi za wazee, maandishi ya magazeti ya zamani, lahaja za kijiji na kijiji. Kiilokano tayari kina watafiti wengi, ingawa kitakupa njia rahisi ya kuingia. Mwenye muda achukue vyote viwili, maana ukizipitia pamoja utaona haraka ni nini kimeazimwa na nini ni cha asili.

Unakwenda Bolinao au Anda, ncha ya magharibi. Hapo hakuna hata moja kati ya hizi tatu iliyo ya wenyeji. Wao wana Kibolinao, ndugu wa Kisambal cha mkoa wa Zambales. Nenda na Kitagalog, na Kiilokano kwa ajili ya miji ya jirani, kisha tafuta mwenyeji wa kukufundisha ukifika, kwani vitabu vya kujifunzia lugha hiyo ni vichache kuliko hata vya Kipangasinan.